Msiuzike Mgomba wa Javani

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mama yangu,

Nakusalimu kwa haraka kuliko heshima inavyotaka, unisamehe. Mgongo wako unaendeleaje tangu baridi ianze? Na yule ng'ombe wa madoa, alizaa salama? Mimi ni mzima, nakula, nalala, ingawa juma hili kulala kumekuwa kujigeuzageuza tu kitandani. Na wewe Roda mdogo wangu, unayemsomea mama, usiende mbio kama ulivyofanya na barua ile nyingine, mpaka mama akalia akidhani nimeng'atwa na nyoka kumbe nilikuwa nauguza jino. Soma polepole. Lakini mstari unaofuata upige kwa sauti, Baba Mdogo ausikie hata kama yuko nje anachonga mpini.

Msiuzike ule mgomba.

Najua wazee wamekaa na siku imetajwa, mara tu mavuno ya wimbi yakishaingia ghalani. Najua Baba Mdogo ameshachagua mgomba wa kukatwa na kulazwa kaburini badala ya mwili wa kaka yangu Javani, kwa kuwa aliondoka zamani na hajaonekana wala kuandika. Na najua kwamba mtu akishazikwa namna hiyo, hata akitokea njiani akiwa mzima na kofia yake kichwani, nyumbani hapokelewi tena kama mtu. Zaidi ya yote, mama, najua kwamba siku hiyo mliniwekea mimi. Mdogo hawezi kusimamisha nyumba kabla ya mkubwa, na baba yake Jerusa amechoka kuuliza bintiye ataolewa lini. Mlinitumia neno nami nikakubali. Sasa nakataa. Javani yuko hai. Nimemwona kwa macho yangu, nimekunywa chai yake, na tumegombana.

Tulia kwanza, mama. Roda, mpe maji. Nitaeleza yote kwa mpango, kama kalamu itanikubalia, maana nimeshasimama mara kadhaa kuchungulia dirishani kama mtu wetu wa reli amefika. Yeye ndiye atakayeibeba barua hii kwa treni ya leo jioni na kuishusha stesheni ya Luanda mkononi mwa mwalimu wa kanisa. Posta siiamini kwa jambo hili, itafika mkiwa mmeshashindilia udongo.

Unaijua kazi yangu, ni ile ile, kwa Fundi Ramji, Mhindi mzee anayetengeneza redio na gramafoni hapa mjini. Juma lililopita aliingia mtu mrefu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, amebeba gunia. Akaniuliza, "Bwana, hapa mnatengeneza pikapu?"

Mimi nilikuwa nimeinamia redio ya mteja mwenye haraka, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Gereji iko ng'ambo ya barabara, pale kwa Singasinga."

Akaenda. Muda si mrefu nikasikia kicheko kikubwa kutoka gereji, na mtu wangu akarudi amekasirika, gunia kifuani.

"Wewe umenifanya nichekwe na watu! Wananiuliza hiyo pikapu yangu nimeipaki wapi. Pikapu ya gitaa, bwana! Si ya kubeba viazi!"

Nilimwomba radhi huku nikijibana nisicheke. Lakini sasa nikikumbuka namshukuru Mungu, mama. Kama angekuwa mtu wa hasira zaidi angepanda lori lake arudi kwao, na leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Mtu huyo anaitwa Kipkemoi, ni dereva wa lori la pareto kwenye shamba la mzungu huko Keringet, juu kabisa, mahali ambapo ukungu haujui saa ya kuondoka. Siku za mapumziko anapiga gitaa. Ndani ya gunia mlikuwa na gitaa la umeme. Najua utauliza gitaa na umeme vinakutana wapi, na Baba Mdogo atasema ni mambo ya ulevi, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo, maana bila kulielewa hili hutaamini yanayofuata.

Chini ya nyuzi za gitaa hilo kuna kitu kidogo kama kiberiti. Ramji anakiita pikapu, sisi wafanyakazi wake tunakiita sikio. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku umeviringishwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko mingi mno, maelfu. Nyuzi za gitaa ni za chuma. Zikitikisika juu ya sumaku, ule waya unapata habari, na habari hiyo inapita kwenye kamba mpaka kwenye redio, na redio inaitoa kwa sauti kubwa. Sikio hilo halisikii mdomo wa mtu. Unaweza kulipigia kelele mpaka koo likauke. Chuma tu ndicho linachosikia. Kulitengeneza kunataka utulivu wa mkono, maana waya ukivutwa kwa nguvu kidogo unakatika, na ukilegea sana sikio linapiga mluzi. Likishaviringishwa linatiwa kwenye nta iliyoyeyushwa ili waya usichezecheze, kisha linafungwa kwa uzi.

Gitaa la Kipkemoi lilikuwa na masikio mawili. La kwanza lilikuja nalo kutoka ng'ambo. La pili aliongezewa na fundi wa huko huko shambani. Akilitumia moja moja, kila moja linaimba vizuri. Akiyawasha yote mawili pamoja, sauti inakonda, inalia kama paka aliyefungiwa stoo.

"Iko na ugonjwa gani?" akauliza.

Ramji akavaa miwani. Akaleta mita yake, ile yenye sindano, akaunganisha sikio la ng'ambo, akaliwekea bisibisi juu na kuiondoa ghafla. Sindano ikaruka kulia. Akaunganisha sikio la pili, akafanya vile vile. Sindano ikaruka kushoto. Akarudia kwa kuwa hapendi kusema kitu kabla ya kurudia. Kisha akaleta dira ndogo akazipima sumaku, akaona zote zimelala upande mmoja.

"Sumaku sawa," akasema. "Waya ndiyo nakwenda nyuma. Hii mtu nazungusha na mkono ya kushoto. Ile nasukuma, hii navuta, mbili napigana."

"Nilitupe nizungushe jipya?" nikamwuliza.

Alinitazama kana kwamba nimesema tumtupe mtoto. "Hapana tupa! Kazi mzuri sana hii. Wewe geuza waya mbili tu ya kutoka, hii weka huku, hii weka huku. Kwisha. Koili hapana gusa."

Mama, nilikuwa nimeshika bisibisi na nikaiweka chini. Mkono wa kushoto. Nikajiambia mashoto ni wengi duniani, acha upuuzi Hezroni, fanya kazi. Nikalifungua ganda. Harufu ya nta ikanijia, si nta ya dukani, ni nta ya mzinga, yenye moshi ndani yake. Chini ya nta uzi mweusi ulioviringishwa safi, na mwisho wa uzi fundo.

Fundo lako, mama. Lile la kufungia ndama.

Nililishika kwa kucha. Nikavuta mkia wa kulia jinsi ulivyonifundisha, na badala ya kufunguka likakaza. Nikavuta mkia wa kushoto, na likaachia lote kwa mara moja, kama linavyoachia lako. Lilikuwa fundo lako lililogeuzwa. Sijawahi kumwona mtu mwingine hapa Nakuru akilifunga, wala sijamwona nyumbani mtu akiligeuza ila mmoja.

Wewe unakumbuka. Alipokuwa mdogo ulimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa kigoda wakati wa kula, kwa fundo hilo, ili azoee kulia. Sisemi hivi kukulaumu, mama wote wa kwetu walifanya hivyo na wengine walipiga. Yeye alijifunza kulifungua kwa meno, kisha akajifunza kulifunga mwenyewe kinyume, akawa anakuchekesha nalo. Na aliporudi kutoka vitani na vile visikilizio vya jeshi vya kuvaa masikioni, alikuwa akivibomoa nyuma ya ghala, anatoa ule waya mwembamba na kuuviringisha upya kwa kimashine alichotengeneza kwa spoki ya baiskeli, mshikio upande wa kushoto. Mimi nilishindwa kukizungusha. Akaniambia, "Hamia upande ule, mkono wako umekaa vibaya." Maneno ya kuambiwa yeye siku zote, akaniambia mimi, na tukacheka mpaka ukatuita tukasenye kuni. Kazi inayonilisha leo niliijifunzia pale.

Nikamwuliza Kipkemoi fundi huyo anaitwa nani.

"Sisi tunamwita Mashoto tu. Haongei sana. Anatengeneza pampu ya maji ya mzungu na simu ya ofisini."

"Anatoka wapi?"

"Hajasema. Lakini si wa kwetu. Ukimwuliza anakuuliza wewe unatoka wapi."

Huyo ni Javani, mama. Hata kujibu kwake ni huko huko.

Nikageuza nyaya mbili kama nilivyoambiwa. Kipkemoi akawasha masikio yote mawili, na sauti ikatoka nene, imejaa, hata watu wa gereji wakavuka barabara kuja kusikiliza na kumwomba msamaha. Mimi sikuweza kufurahi. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Ramji ruhusa, naye akanipa kwa masharti kwamba nikichelewa kurudi nisirudi kabisa.

Tuliondoka na lori tupu. Njiani askari walitusimamisha na kutazama pasi zetu, unajua siku hizi za Hali ya Hatari mtu hatembei hivi hivi. Hapa Bondeni kwenyewe milango ya majirani wetu Wakikuyu mingi imepigiliwa mbao, watu walichukuliwa na hatujui wako wapi. Ndiyo maana sikuwalaumu mlipoanza kusema Javani amekufa. Katika miaka hii mtu kupotea si jambo la kushangaza. Kipkemoi aliimba njia nzima, nami nilikuwa namwona mpumbavu kwa kuimba, kisha najiona mpumbavu mimi kwa kukasirika. Nilikuwa nafikiri nikimkuta si yeye nitafanya nini. Na nikimkuta ni yeye nitafanya nini. Tena, niseme ukweli, nilikuwa nafikiri kwamba kama ni yeye, basi harusi yangu imerudi nyuma tena.

Roda, huo mstari wa mwisho usimsomee mama. Najua umeshausoma.

Keringet ni baridi ya kuumiza meno. Maua ya pareto meupe mpaka unakoishia kuona, na wanawake wanayachuma wakiwa wamejifunga magunia mabegani. Nyumba za wafanyakazi ziko mstari mmoja, na mwisho wa mstari kuna kibanda chenye bati jipya. Nilisikia kile kimashine kabla sijamwona mwenyewe. Ile sauti ya spoki ikizunguka, mama, nilikua nayo. Nikasimama mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, mshikio mkono wa kushoto, waya unapita katikati ya vidole vya kulia. Kichwa kimeota mvi pembeni. Bila kugeuka akasema, "Ingia ufunge mlango, upepo unanitikisia waya."

Nikaingia nikafunga mlango. Nikasema kwa lugha yetu, "Mkono wako umekaa vibaya."

Hakuruka, hakulia. Alizungusha kidogo, kisha akaacha. Akageuka akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Hezroni, umenenepa." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kaka yangu baada ya miaka yote hiyo. Nikataka kumpiga na kumkumbatia, nikaishia kukaa juu ya ndoo.

Alianza kazi tena huku tunaongea, labda ili asinitazame. Alinionyesha sumaku alizotoa kwenye magneto, kile kitoa cheche cha trekta bovu, na waya anaotoa kwenye simu zilizoharibika. Sikio la Kipkemoi si la kwanza, ametengeneza mengine kwa wapiga gitaa wa mashamba ya huko. Nikamwambia habari za nyumbani moja moja. Ghala jipya. Roda kumaliza shule. Mgongo wako. Alikuwa anaitikia "eh, eh," na mshikio unazunguka bila kubadili mwendo. Kisha akauliza, "Na mzee?"

Nikamwambia baba alifariki. Nikamwambia tulimtafuta, tulituma watu Kisumu na Nairobi, na siku ya mazishi tulichelewesha jeneza tukitazama njia.

Waya ukakatika.

Wewe hujui maana yake, mama, lakini mimi najua. Fundi kama Javani hakati waya. Aliushika ule mwisho uliokatika, akautazama, akasema, "Basi neno lake limetimia."

Unalijua neno hilo. Siku wazee wa ukweni walipokuja kwetu kupatana mahari ya yule msichana wa kwanza, Javani alikuwa na furaha akajisahau, akampa mzee wao kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Wakasimama wote wakaondoka bila kunywa. Baba kwa aibu akamwambia mbele ya watu, mkono huo hautanitupia udongo kaburini. Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilikuwa nafikiri aliondoka kwa sababu ya msichana. Kumbe alikuwa amebeba neno lile miaka yote hii kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine akingoja mwenyewe aje auchukue, na mwenyewe ameshakwenda.

Nikamweleza habari ya mgomba. Nilitegemea atashtuka. Akasema, "Wauzike. Mtu akishazikwa hasumbuliwi tena. Wewe utaoa, mama ataacha kutazama njia, mimi nitakaa hapa na pampu yangu."

Hapo nilipandisha. Nikasahau kwamba yeye ni mkubwa wangu. Nikamwambia, "Wewe umekaa hapa na bati jipya, mimi nalala peke yangu Bondeni nikingojea maiti ya ndizi! Unajua baba yake Jerusa ananiitaje? Ananiita mwombolezaji!" Akaniangalia, kisha akacheka, mama, kile kicheko chake cha puani, mpaka mlango ukafunguliwa na mwanamke akaingia kuona kuna nini. Ndiye mke wake, Chebet, Mkipsigis, mwanamke mpole mwenye macho makali. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike amelala. Ndiyo, mama. Una mjukuu. Roda, ngoja hapo kwanza mpaka amalize kupiga vigelegele, kisha uendelee.

Chebet alileta birika na vikombe. Javani akamimina mwenyewe. Aliposhika kikombe cha kunipa, nikaona mkono wa kushoto umeanza kuja, kisha ukasimama hewani. Akakihamishia kwenye kulia na kunipa kwa kulia, polepole, na chai ikamwagika kidogo kwenye suruali yangu kwa sababu mkono ule haujazoea uzito. Hakuna mtu aliyekuwa akitutazama ila mke wake. Nilipokea kwa mikono yangu miwili, nikashindwa kuinywa mpaka ikapoa.

Siku ya kuondoka tulirudia ugomvi ule ule tukiwa tumesimama kando ya lori. Mimi nikisema njoo, yeye akisema nije kwa nani, aliyenifukuza hayupo wa kunirudisha. Nikamwambia mama yupo. Kipkemoi akapiga honi. Javani akaingia ndani mbio, akarudi na kipande cha uzi mweusi, ule ule anaofungia masikio. Akafunga fundo mbele yangu, kwa kushoto, haraka kuliko ninavyoweza kuandika.

"Mpelekee mama," akasema. "Alifungue yeye mwenyewe. Si Roda, si Baba Mdogo. Akilifungua, uniletee uzi umenyooka hivyo hivyo. Nitakuja, na mke wangu na mtoto."

"Na asipolifungua?"

"Basi waulaze pamoja na mgomba."

Ndiyo sababu sikupanda treni kuja mwenyewe ingawa miguu inaniwasha. Jibu lako litakuja hapa kwa mtu wetu wa reli, na mimi ndiye nitakayelipeleka Keringet. Ramji ameshanuna lakini nimemwambia waya umegeuzwa mahali, lazima niende nikauweke sawa. Nadhani alinielewa kwa namna yake, maana alinipa muda bila masharti safari hii.

Kama Baba Mdogo atasema uzi si ushahidi, mwambie alitazame hilo fundo, kisha aende kwenye kamba ya ndama, kisha alitazame tena. Kama atasema wazee wameshakula kiapo, mwambie mimi mwenye kungoja nyumba nimesema nitangoja. Javani aje asimamishe yake kwanza, hata ya siku chache, nami nitafuata. Jerusa nimemwandikia barua yake mwenyewe. Roda, umpelekee bila kuifungua, na safari hii nasema kweli.

Nisalimie Baba Mdogo, ambaye najua anafanya haya kwa kutupenda. Nisalimie mama mkwe mtarajiwa na umwambie nimenenepa, shahidi ninaye. Nisalimie mwalimu wa kanisa aliyekubali kupokea barua hii stesheni, na shangazi anayekukanda mgongo, na jirani wetu wa chini aliyetukopesha fahali. Yule ndama mpya, kama ameshazaliwa, mpapase shingoni kwa niaba yangu.

Nasikia mtu wa reli anabisha. Fundo nimelishonea kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii, lisipotee. Roda akupe mkononi, kisha asogee pembeni. Ukae karibu na mwanga. Usivute mkia wa kulia kama ulivyozoea, litakaza tu.

Vuta wa kushoto, mama.

Ni mimi mwanao, yule wa mkono wa kulia,
Hezroni